Si pete wala keki: Orodha ya wageni ndiyo inayowalemea maharusi

MWEZI wa Januari 2017, wapenzi wawili kutoka mtaa wa Kasarani jijini Nairobi walifunga ndoa kanisani kwa gharama ya Sh100 pekee. Fedha hizo zilinunua pete mbili za chuma, kila moja kwa Sh50. Hawakuwa na keki, hawakuwa na msafara wa magari, na nguo walizovaa zilikuwa za kawaida za kila siku. Walikuwa wameahirisha harusi yao hapo awali kwa kukosa fedha, na safari hii wakaamua liwalo na liwe.

Picha zao ziliposambaa mitandaoni, Wakenya waliguswa. Wafadhili wakajitokeza, kila mmoja na chake: huyu mavazi, yule ukumbi, mwingine fungate ya Pwani. Siku ya Wapendanao, Februari 14 mwaka huo huo, wawili hao waliandaliwa harusi ya pili ambayo vyombo vya habari vilikadiria kuwa iligharimu takriban Sh3.5 milioni.

Kisa hicho husimuliwa hadi leo kama hadithi ya ukarimu, na ukarimu ulikuwapo. Hata hivyo, kina upande wa pili ambao hautajwi sana. Ndoa ya Januari ilikuwa imetimia. Mhubiri alikuwapo, viapo vilitolewa, pete zilivishwa, na hakuna lolote lililoongezwa Februari ambalo sheria au dini ilikuwa ikilidai. Ilivyo ni kwamba taifa liliitazama ndoa iliyokamilika, likaiona pungufu, likaitengeneza upya.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo linalowakosesha usingizi vijana wengi wanaopanga kuoana kwa mapato ya chini au ya wastani. Mashauri wanayopewa aghalabu huhusu bei: wakodishe gauni badala ya kununua, waoke keki ndogo, wachapishe kadi chache au watume mialiko kwa simu. Mashauri hayo si mabaya, ila yanagusa pembeni. Kinachoipandisha gharama ya harusi si bei ya kitu kimoja kimoja, bali ni idadi ya watu ambao maharusi hawawezi kuwakatalia. Na uwezo wa kukataa hubadilika kutoka jiji moja hadi jingine.

Kwanza, ni muhimu kufahamu kwamba sheria yenyewe haidai mengi. Sheria ya Ndoa ya 2014, iliyokusanya pamoja sheria kadhaa za awali, inatambua ndoa za aina tano: za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Wanaooana sharti wawe wametimiza umri wa miaka 18 na wawe wameridhiana kwa hiari. Anayetaka ndoa ya kiserikali hutoa ilani, husubiri siku 21, kisha hufika mbele ya msajili akiwa na mashahidi wawili. Ada za serikali, ukiziweka zote pamoja, ni sehemu ndogo mno ya bajeti ya harusi yoyote yenye hema na viti.

Hata kwa ndoa za kimila, ambazo wengi huzihofia kwa sababu ya mahari, sheria hiyo ina kifungu ambacho kingewafaa vijana wakikijua. Pale ambapo malipo ya mahari yanahitajika ili kuthibitisha ndoa, kutoa sehemu ndogo tu ya mahari hayo kama ishara kunatosha. Isitoshe, tangu mwaka wa 2017 ndoa za kimila zimekuwa zikisajiliwa na kupewa cheti sawa na ndoa nyinginezo. Kwa hivyo kijana anayesema hajaoa kwa kuwa hajamaliza ng'ombe wa mkwewe huenda anaitii mila, lakini sheria haimzuii.

Ni wapi basi fedha zinakotowekea? Tuseme maharusi wamepata mpishi atakayewalisha wageni kwa Sh700 kwa kila sahani. Wakialika watu 80, chakula kitagharimu Sh56,000. Wakialika 300, kitagharimu Sh210,000. Tofauti hiyo ya Sh154,000 ingetosha kulipia nguo, picha na usafiri wa wahusika, na pengine kodi ya nyumba ya miezi kadhaa baada ya fungate. Na chakula si peke yake. Wageni 300 wanahitaji hema zaidi, viti zaidi, vipaza sauti vikubwa zaidi, vyoo vya kukodi na uwanja mpana. Hata keki hukatwa kulingana na vinywa.

Jibu la kawaida nchini Kenya huwa ni kuunda kamati. Jamaa na marafiki huitwa, mwenyekiti na mweka hazina huchaguliwa, kundi la WhatsApp huanzishwa na nambari ya M-Pesa hutolewa. Tangu huduma hiyo ya kutuma fedha kwa simu ilipozinduliwa Machi 2007, mchango umekuwa mwepesi kutoa na mgumu kuukwepa, kwani orodha ya waliotoa hubandikwa kila jioni na jina lisilokuwamo huonekana kama jino lililong'oka. Wazo la harambee ni la tangu uhuru, na limejenga shule na zahanati. Katika harusi, hata hivyo, hesabu yake ina kasoro ambayo kamati nyingi hazipendi kuitazama.

Mtu anayetuma Sh1,000 hujiona, kwa haki kabisa, kuwa mwalikwa. Siku ikifika huja na mkewe na watoto wawili. Kwa bei ile ile ya Sh700 kwa sahani, familia hiyo hula Sh2,800. Mchango wake umewaongezea maharusi pengo la Sh1,800. Kamati ikiona fedha hazitoshi, hutafuta wachangaji zaidi, ambao nao watakuja na familia zao. Mkono mtupu haulambwi, walinena wahenga, lakini katika harusi za siku hizi hata mkono uliojaa nusu huwaachia maharusi deni. Mbali na hayo, kamati yenyewe hukutana mkahawani kila wiki kwa miezi mitatu, na chai ya mikutano hiyo hailipwi na mwenyekiti.

Vyanzo vya michango mikubwa navyo vimekuwa vikibadilika. Kwa miaka mingi kamati ilimtegemea mgeni wa heshima, ambaye mara nyingi alikuwa mbunge, diwani au afisa wa serikali, kuziba pengo la mwisho. Julai 2024, kufuatia maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Wanasiasa hawakukaa sana kabla ya kuanza kuonekana tena na bahasha, lakini wengi wao walikuwa wamepata kisingizio kizuri cha kutopokea simu za kamati. Wafanyakazi wa kawaida nao hawana tena walichokuwa nacho. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ulianza kukatwa 2023, na makato ya bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 yakafuata Oktoba 2024, huku michango ya malipo ya uzeeni ikipanda kwa awamu. Jamaa aliyezoea kutoa Sh5,000 sasa hutoa Sh2,000, na idadi ya watoto anaokuja nao haijapungua.

Jijini Nairobi tatizo hilo huanza na swali la wapi. Wengi wa wanaooana huko wamezaliwa kwingine, au wazazi wao wanaishi mashambani. Wafanyakazi wenzao, washirika wa kanisa na majirani wako mjini; wajomba na shangazi wako kijijini. Harusi ikifanyika kijijini, mabasi hukodishwa ya kuwasafirisha watu wa mjini. Ikifanyika mjini, mabasi hukodishwa ya kuwasafirisha watu wa kijijini, na zaidi ya hayo hutafutwa mahali pa kuwalaza. Kwa vyovyote vile maharusi hulipia kilomita.

Kisha kuna suala la uwanja. Bustani za kukodi katika maeneo ya Karen, Ngong, Ruaka na kando ya barabara ya Kiambu hutoza kwa siku, na baadhi yazo humlazimu mteja kutumia wapishi wao au kulipa faini ya kuleta wake. Jumamosi za Agosti na Desemba hukodishwa miezi mingi kabla. Anayetaka kupunguza gharama hana budi kuitazama Nairobi kwa jicho jingine. Makanisa mengi ya mitaani yana ua na ukumbi ambao washirika hupewa kwa ada nafuu, na kuhamia hatua 50 kutoka madhabahuni hadi kwenye hema kunaondoa kabisa msafara wa magari, wapigapicha wa njiani na saa mbili za msongamano barabarani. Rinda la harusi lililotumika mara moja hupatikana kwa bei ya chini Gikomba au katika soko la Toi, na fundi wa mtaani hulipunguza kiunoni siku hiyo hiyo.

Lakini Nairobi ina fadhila moja ambayo haina bei. Ni jiji ambamo mtu anaweza kutoalikwa bila kununa. Majirani wa ghorofa moja huenda hawajuani majina. Mfanyakazi mwenza huelewa akiambiwa sherehe ni ya familia pekee. Wanaooana Sheria House, jengo la Mwanasheria Mkuu ambalo kwa kejeli ya historia liko barabara ya Harambee, huingia na mashahidi wao wawili, hutia saini, hupigwa picha ngazini na kwenda kula chakula cha mchana wakiwa watu kumi. Mtindo huo uliwahi kudharauliwa kama wa waliotoroka kwao. Siku hizi wenye kazi nzuri na elimu ya juu huufuata bila aibu, na hawana deni Jumatatu.

Mombasa mambo ni tofauti, kwani huko gharama hupimwa kwa siku wala si kwa kilomita. Nikaha yenyewe, ambayo ndiyo ndoa mbele ya dini, huchukua muda mfupi. Huwapo walii, mashahidi, mahari yaliyokubaliwa na mwenye idhini ya kuozesha. Mara nyingi hufanyika msikitini baada ya swala, wanaume wakagawiwa halua, tende na kahawa, na kila mtu akaenda zake. Mafunzo ya dini huhimiza walima wa kadiri ya uwezo na mahari yasiyomlemea muoaji. Lau harusi ya Mwambao ingekomea hapo, ingekuwa miongoni mwa harusi nafuu zaidi nchini.

Haikomei hapo. Upande wa wanawake kuna hina, kuna singo, kuna usiku wa kupamba, kuna kumtembelea bibi harusi baada ya ndoa, na kila tukio lina mavazi yake, chakula chake na wageni wake. Familia zilizokuwa zikisherehekea kwenye ua wa nyumba za Mji wa Kale au Majengo sasa hukodi ukumbi wenye viyoyozi, jukwaa na taa. Leso za sare hununuliwa kwa jozi nyingi. Mpambaji hulipwa, mchoraji hina hulipwa, mpigapicha mwanamke hulipwa kwa kuwa wa kiume haruhusiwi kuingia.

Wanaolalamika kwamba haya ni mambo ya kizazi cha sasa wanasahau historia. Katika karne ya 20 vyama vya wanawake vya lelemama mjini Mombasa vilishindana waziwazi kwa ngoma, mavazi na karamu, na chama kilichozidiwa mwaka huu kilikopa ili kuzidi mwakani. Mashindano yale yalikuwa na kazi yake. Yaliwapa wanawake waliofungiwa milango mingi ya hadhara jukwaa la heshima na mtandao wa kusaidiana. Ndiyo maana si rahisi kuyafuta kwa hotuba za Ijumaa. Mwanamke aliyebeba sufuria na kuchambua mchele katika harusi za wenzake kwa miaka 20 hana nia ya kumwoza bintiye kimyakimya, maana anadai. Katika mitaa ambapo desturi hiyo bado ni hai, deni hilo hulipwa kwa kazi: majirani hupika pilau wenyewe kwenye sufuria kubwa nje ya nyumba, mtaa mzima ukala, na gharama ikabaki kuwa ya mchele, nyama, viungo na kuni. Ni pale kazi hiyo inapohamishiwa kwa wapishi wa kukodi na ukumbi wa kulipiwa ndipo harusi ile ile, yenye wageni wale wale, inapogharimu mara kadhaa.

Kuna jambo jingine kuhusu Pwani linalostaajabisha. Watu wa bara hudhani kuoana ufuoni Diani au Nyali ni anasa ya matajiri. Kwa baadhi ya wanandoa wa Nairobi imekuwa njia ya kubana matumizi. Nauli ya daraja la chini ya treni ya Madaraka Express ilipandishwa hadi Sh1,500 Januari 2024, na hata hivyo ukiwalipia wageni 25 kwenda na kurudi ni Sh75,000. Ongeza malazi ya usiku mmoja katika nyumba za kukodi na chakula cha samaki, na jumla bado huenda ikawa chini ya harusi ya wageni 400 katika bustani ya Ngong. Bahari haipunguzi bei ya chochote. Umbali ndio unaofanya kazi, kwa sababu anayeambiwa sherehe iko Pwani hujitoa mwenyewe bila kufukuzwa.

Kisumu inaonyesha kinyume cha hayo. Uwanja si ghali, samaki ni wa karibu, na anayetaka mandhari ya ziwa hupata Dunga bila kulipa bei za Nairobi. Lakini jiji hilo limezungukwa na vijiji walikozaliwa wakazi wake. Siaya, Vihiga na Nyando ni safari ya matatu moja, na harusi haihitaji kadi ili ijulikane. Mpishi aliyeagizwa wageni 200 hujua kupikia 350. Juu ya hayo, desturi za Waluo za ayie na nyombo hutangulia, na ziara ya kupeleka mahari ambayo zamani ilikuwa ya wazee wachache imegeuka kuwa sherehe yenye hema, sare za kitenge na mfawidhi wa kukodi. Wanandoa hujikuta wakigharimia harusi mbili. Hata wanaochangishwa ni wale wale waliochangia mazishi wiki iliyopita, na kati ya hayo mawili, jamii huona aibu zaidi kutochangia mazishi.

Hali hiyo ya harusi mbili haiko Kisumu pekee. Katika eneo la Mlima Kenya ruracio na ngurario zimefuata mkondo huo huo, na koito ya Wakalenjin vilevile. Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, ina faida ya ardhi: familia nyingi bado huweza kuwakaribisha wageni shambani kwao baada ya mavuno, maziwa yakawa ya nyumbani na fahali akatoka zizini. Gharama hiyo haionekani kwenye bajeti ya kamati, ingawa ng'ombe ana thamani yake na aliyemtoa anaijua. Nakuru, jiji tangu Desemba 2021, inafaidika kwa kuwa katikati. Familia ya Nairobi na ya magharibi mwa nchi hukutana hapo, kila upande ukasafiri nusu ya njia, na wageni wa kila upande wakapungua kwa kiasi.

Wanaoshikilia kuwa Wakenya hawawezi kamwe kukubali harusi ndogo wanapaswa kukumbuka mwaka wa 2020. Mikusanyiko ilipopigwa marufuku Machi mwaka huo kutokana na virusi vya corona, harusi nyingi ziliahirishwa. Serikali iliporuhusu watu wasiozidi 100 Julai, na kisha 200 mnamo Septemba, maelfu ya mipango ilichorwa upya. Mama aliyekuwa na orodha ya watu 500 alikaa chini akafuta majina 400, na hakuna aliyemlaumu kwa kuwa lawama zote zilikuwa za serikali. Bei za keki na magauni hazikuwa zimebadilika kwa kiasi hicho. Kilichobadilika ni kwamba maharusi walipewa sababu yenye heshima ya kusema hapana. Vizuizi vilipoondolewa, sababu hiyo nayo iliondoka, na orodha zikarefuka tena.

Suala hili lingekuwa la mapambo tu kama wanaoshindwa kugharimia harusi wangebaki wachumba. Hawabaki. Huhamia nyumba moja, hupata watoto, hununua ploti pamoja, na ndoa rasmi husubiri mwaka wa neema. Ndizo zinazoitwa ndoa za njoo tuishi. Kwa muda mrefu waliotegemea maisha hayo walikuwa na kinga ya mahakama. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki wa mwaka wa 1976 katika kesi ya mirathi, majaji waliweza kudhania kuwapo kwa ndoa pale ambapo watu wawili wameishi muda mrefu na kujulikana kama mume na mke.

Kinga hiyo imepungua sana. Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi kuhusu watu wawili walioishi pamoja miaka mingi na kugombania mali iliyosajiliwa kwa jina la mwanamke. Majaji walikataa kudhania ndoa. Walisema dhana hiyo itumike kwa nadra, mbele ya ushahidi thabiti kwamba wahusika walikuwa huru kuoana, walikusudia kuoana, waliridhia na walijitambulisha hivyo mbele ya jamii. Mzigo wa kuthibitisha haya ni wa anayedai. Mwanamume aliyekuwa akidai kuwa mume alipata asilimia 30 ya mali kwa sababu ya mchango wake, wala si kwa sababu ya ndoa. Mahakama hiyo ililihimiza Bunge litunge sheria kuhusu wanaoishi pamoja bila kuoana.

Mara nyingi zaidi anayepoteza ni mwanamke. Mwenzake akifariki, shemeji hufika na kuuliza cheti kiko wapi. Waajiri huuliza vivyo hivyo kabla ya kulipa marupurupu, na mabenki pia. Mjane aliyesubiri harusi ya hema kumi kwa miaka tisa hujikuta akitafuta mashahidi wa kueleza mahakamani jinsi majirani walivyomwita. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Na katika hali hii hata sufuria hubishaniwa.

Wanandoa wanaofaulu kujikwamua kutoka kwa mtego huu, katika jiji lolote lile, wana jambo moja linalofanana. Hutenganisha ndoa na karamu. Hutoa ilani, husubiri siku 21, husajili ndoa wakiwa na mashahidi, kisha hula na jamaa siku nyingine wakipata, au wasipopata hawali. Wale walio na mila ya kutimiza hulipa kitangulizi, husajili ndoa ya kimila, na kuendelea kulipa ng'ombe waliosalia kwa mwendo wao. Baadhi hufunga ndoa siku ya katikati ya wiki, jambo linalowapunguza wageni bila ugomvi maana wengi wako kazini. Wengine huweka ibada saa tisa alasiri, wakati ambao heshima hudai chai na mandazi wala haidai chakula cha mchana. Wapo pia wanaoivunja kamati kabla haijazaliwa, wakawaambia wazazi wa pande zote mbili kwamba kila upande una nafasi 30, na atakayezidisha atalipia sahani.

Makanisa nayo yamekuwa na dawa yake kwa miaka mingi, nayo ni harusi za pamoja. Parokia hutangaza majina Jumapili tatu mfululizo, na siku iliyopangwa jozi kumi, 20 au zaidi husimama mbele kwa zamu. Wengi wao wameishi pamoja muda mrefu. Huja na watoto, na baadhi huja na wajukuu. Gauni huazimwa, keki huwa moja, chakula hupikwa katika jiko moja kwa mchele na maharagwe yaliyoletwa na vikundi vya akina mama, na kwa kuwa kusanyiko zima ndilo mwalikwa, hakuna anayejua ni nani aliyemwalika nani. Mwisho wa ibada kila jozi huitwa mezani kutia saini, na kila jozi huondoka na cheti chake.